Dume au Jike? Mwongozo Kamili wa Kutambua Jinsia ya Samaki wa Mapambo na Kuwazalisha Nyumbani

Jozi yangu ya kwanza ya samaki-malaika ilitaga mara nne. Mara nne nikapima joto, nikabadilisha maji, nikatia dawa ya kuvu, na mara nne mayai yote yakageuka meupe kama mchele uliolowekwa. Aliyeniuzia alikuwa ameapa kuwa ni dume na jike. Mara ya tano nilivuta kiti mbele ya tangi mara tu walipoanza kusugua bomba la plastiki walilozoea kutagia, nikakaa bila kuinuka. Wa kwanza akapita juu ya bomba taratibu, akaacha mstari wa mayai. Wa pili akaja nyuma yake, akapita vilevile, naye akaacha mstari wa mayai. Kumbe nilikuwa nafuga majike wawili.

Si kioja. Majike wa samaki-malaika wakikosa dume hushikana wawili wawili, hulinda kona yao na kutaga kama mke na mume. Mayai tu ndiyo yanayowaumbua.

Tangu siku hiyo siamini rangi wala neno la muuzaji. Kila aina ya samaki ina mahali pake pa kutazama, na mara nyingi ni mahali padogo chini ya tumbo. Jambo la pili nilijifunza baadaye, nilipopata jozi ya kweli na vifaranga zaidi ya mia wakafa ndani ya siku tatu kwa sababu sikuwa na kitu cha kuwalisha. Kupandisha samaki si kazi. Wakiridhika na maji na chakula hupandana wenyewe. Kazi ni wiki tatu za kwanza za vifaranga, na maandalizi yake hufanywa kabla dume hajakutana na jike.

Hatua ya 1: Jua samaki wako anazaa au anataga

Gapi, plati, moli na mkia-upanga huzaa. Mayai huanguliwa ndani ya tumbo la mama, na vifaranga hutoka wakiwa tayari wanaogelea na kutafuta chakula. Kama hujawahi kuzalisha samaki, anzia hapa.

Waliobaki hutaga, ila kila mmoja kwa namna yake. Danio na samaki wa dhahabu hutawanya mayai kisha huyala wao wenyewe. Samaki-malaika huyabandika kwenye jani au bomba na kuyalinda. Beta dume hujenga kiota cha mapovu juu ya maji. Wengi wa samaki wa rangi wa Ziwa Nyasa, ndugu wa sato, huatamia mayai mdomoni. Ukishajua samaki wako yuko kundi gani, nusu ya maswali yako imejibiwa: unajua kama wazazi waondolewe au wabaki, na kama unahitaji tangi la pili.

Neon mwenye mstari wa buluu waachie wenye uzoefu. Anataka maji laini sana yenye asidi, na mayai yake hayapendi mwanga. Samaki-kichekesho wa baharini, yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, naye ana mambo yake: wote huzaliwa madume, na mkubwa kuliko wote kundini ndiye hugeuka jike. Akifa, dume aliyekuwa mwenziwe huchukua nafasi yake na kuwa jike.

Hatua ya 2: Tambua dume na jike

Subiri wakue kwanza. Kifaranga hakuonyeshi chochote. Kisha linganisha samaki kadhaa wa aina moja na umri mmoja, maana "mnene" na "mwembamba" ni maneno yasiyo na maana ukiwa na samaki mmoja. Watazame kwa ubavu, kwa juu na kwa chini. Mimi humtoa samaki kwa wavu, nikamtia kwenye gilasi safi yenye maji ya tangi lake, nikampiga video kwa simu kwa dakika moja, nikamrudisha. Halafu naikuza ile video nikiwa nimekaa vizuri. Macho hudanganyika samaki anapokimbia. Picha iliyosimama haikimbii.

*Gapi, plati, moli na mkia-upanga.* Tazama pezi lililo chini ya tumbo, nyuma kidogo ya tundu la haja. Kwa jike limefunguka kama upepeo, pembe tatu pana. Kwa dume limejikunja likawa kijiti chembamba kilicholala kuelekea mkiani. Kijiti hicho ndicho anachotumia kupitisha mbegu, na ukimtazama kwa subira utamwona akikizungusha kwenda mbele anapomvizia jike. Hii ndiyo alama isiyodanganya. Rangi husaidia kwa gapi tu: dume ni mdogo, sentimita 3 hivi, mwenye mkia wa madoido, na jike ni mkubwa na amepauka. Lakini siku hizi kuna majike wa gapi wenye mikia ya rangi, na kwa plati na moli rangi haikuambii kitu.

Mkia-upanga ndiye mwenye hadithi nyingi. Upanga mkiani ni wa dume peke yake, ila wapo madume wanaochelewa kubalehe, wakakaa muda mrefu wakiwa wakubwa na wanene kama majike. Ukisikia mtu anasimulia jike wake aliyegeuka dume, mara nyingi ni huyo.

*Beta.* Mapezi marefu ni ya dume, lakini kuna aina ya madume wenye mapezi mafupi na majike wenye mapezi marefu kiasi, kwa hiyo usiishie hapo. Mwekee kioo cha kujitazamia. Dume akiona "adui" hufungua vifuniko vya mashavu na kutoa utando mpana unaoning'inia kama ndevu. Wa jike ni mdogo, wakati mwingine hauonekani. Kisha tazama chini ya tumbo la jike: kuna nukta nyeupe kama punje ya chumvi, karibu na yalipoanzia mapezi ya chini. Hapo ndipo mayai hutokea. Madume wachanga nao huweza kuwa na nukta hiyo, ndiyo maana nahitaji alama mbili, sio moja.

*Samaki wa dhahabu.* Msimu wa kuzaana ukifika, dume huota vipele vidogo vyeupe kwenye vifuniko vya mashavu na kwenye mwiba wa mbele wa mapezi ya kifuani. Hapa watu wengi huingia hofu, wakamwaga dawa ya ugonjwa wa madoa meupe na kumtesa samaki mzima. Madoa ya ugonjwa hutapakaa mwilini na kwenye mapezi yote bila mpangilio. Vipele vya dume vimekaa mahali pake, vimepangana, na havisambai. Jike hana vipele. Ukimtazama kwa juu tumbo lake limevimba, mara nyingi upande mmoja kuliko mwingine.

*Danio.* Dume ni mwembamba na ana mng'ao wa dhahabu kati ya milia yake. Jike ni wa rangi ya fedha na ana tumbo la mviringo. Kambare wadogo wa koridora huamuliwa kwa kuwatazama kwa juu: jike ni mpana nyuma ya mapezi ya kifuani, dume amenyooka. Yule kambare mnyonya-kioo mwenye ndevu ni rahisi kuliko wote, kwani dume aliyekomaa ana kichaka cha ndevu zenye matawi usoni, na jike hana, au anazo chache fupi pembezoni mwa mdomo.

*Samaki wa Nyasa.* Kwa aina nyingi dume ana madoa ya njano au ya chungwa yaliyo wazi kwenye pezi la chini karibu na mkia, yanayofanana na mayai. Si pambo la bure, nitalieleza mbele. Jike anaweza kuwa nayo pia, ila machache na yaliyofifia. Katika baadhi ya aina dume ni buluu na jike ni njano kabisa, na katika nyingine wote ni njano, hapo ni kubahatisha mpaka uone jike ameshikilia mayai.

*Samaki-malaika.* Nje ya wakati wa kutaga, hakuna njia ya uhakika. Watu watakuambia nundu ya kichwa, umbo la kidevu, urefu wa mapezi. Nimezijaribu zote na zote zimeniangusha. Siku moja au mbili kabla ya kutaga, kijimrija hutokeza chini ya tumbo. Cha dume ni chembamba chenye ncha na kimeelekea mbele. Cha jike ni kinene na butu. Kwa hiyo usinunue "jozi". Nunua wachanga sita, wakuze pamoja, wachaguane wenyewe. Inachukua miezi minane hadi mwaka, lakini jozi iliyojichagua hulea vizuri kuliko uliyoilazimisha.

Hatua ya 3: Andaa tangi la uzazi

Kwa samaki wadogo lita 20 hadi 40 zinatosha. Jozi ya samaki-malaika inahitaji lita 80 au zaidi. Usiweke kokoto chini: chakula kilichobaki hujificha humo na kuoza, nawe hukioni.

Chujio liwe la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa. Chujio la mota hunyonya vifaranga. Ila sponji mpya iliyotoka kwenye mfuko haisafishi kitu. Kinachosafisha ni bakteria wanaoishi ndani yake, wale wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa nitraiti, kisha nitrati isiyo na sumu kubwa. Waandae bakteria hao mapema: iweke sponji kwenye tangi kubwa lenye samaki kwa wiki nne hivi, kisha ihamishe ikiwa imekwisha kuwa ya kahawia na utelezi. Usiioshe kwa maji ya bomba. Ikamue kwenye ndoo ya maji ya tangi.

Maji yenye klorini huua bakteria hao na huchoma mashavu ya samaki. Klorini hupotea maji yakikaa wazi kwa siku moja huku yakipigwa hewa. Kuna mifumo ya maji inayotumia kloramini, na hiyo haitoki kwa kusubiri. Inahitaji dawa ya kusafisha maji ya samaki. Kama hujui unapata ipi, tumia dawa.

Joto: nyuzi 25 hadi 26 kwa gapi na wenzake, 27 hadi 28 kwa beta na samaki-malaika. Samaki wa dhahabu hahitaji hita. Yeye huamshwa na maji yaliyokuwa baridi yakipata joto polepole hadi kufikia nyuzi 20 hivi. Wanaozaa, hasa moli, wanapenda maji magumu yenye chokaa. Nimeona moli wakitikisika papo hapo kama wanaotetemeka kwa homa, na mara nyingi tatizo lilikuwa maji laini kupita kiasi.

Hatua ya 4: Chakula cha vifaranga kabla ya mayai

Hatua hii ndiyo inayorukwa na ndiyo inayoua. Kifaranga wa gapi hula chakula cha kawaida kilichosagwa kuwa unga. Kifaranga wa beta au danio ana mdomo usioweza hata chembe ya unga huo. Anataka kitu hai, kidogo mno, kinachomtingishikia mbele ya macho.

Wiki moja kabla ya kupandisha, chukua chupa ya kioo, jaza maji ya tangi la zamani, tia jani moja la saladi lililochovywa kwenye maji ya moto, funika kwa kitambaa, weka penye mwanga usio wa jua kali. Siku ya pili au ya tatu maji yatachafuka kama maziwa yaliyozimuliwa na yatanuka kidogo. Usimwage. Kati ya siku ya nne na ya saba yataanza kung'aa, na ukimulika kwa tochi ubavuni utaona vumbi linalotembea lenyewe. Vumbi hilo ndilo chakula cha siku za kwanza. Unalinyonya kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mililita chache kila mlo.

Chakula cha pili ni atemia, wadudu wadogo wa maji ya chumvi ambao mayai yao makavu huuzwa kwenye makopo. Kata kitako cha chupa ya plastiki, igeuze mdomo chini. Tia lita moja ya maji na gramu 30 za chumvi, takriban vijiko viwili vya mezani vilivyosawazishwa, kisha nusu kijiko cha chai cha mayai. Pitisha mpira wa hewa hadi chini ili maji yachemke kwa mapovu, weka taa karibu, joto liwe nyuzi 26 hadi 28. Baada ya saa 24 hadi 36 zima hewa, subiri dakika kumi. Maganda ya kahawia hupanda juu, atemia wa rangi ya chungwa hukusanyika chini penye mwanga. Wanyonye kwa mpira mwembamba, wachuje kwenye kitambaa, wasuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, walishe saa hiyo hiyo. Wakilala hadi kesho watakuwa wametumia akiba ya kiini waliyozaliwa nayo, na thamani yao imeshuka.

Kiini cha yai lililochemshwa kinasaidia ukikwama. Chukua kiasi cha punje ya mchele, kikamulie kwenye kitambaa ndani ya kikombe cha maji, kisha dondosha matone mawili matatu. Ukizidisha, tangi zima litanuka ifikapo jioni.

Hatua ya 5: Wapandishe

*Gapi na jamii yake.* Weka dume mmoja kwa majike wawili au watatu, vinginevyo dume atamchosha jike mmoja hadi augue. Mimba huchukua wiki tatu hadi nne na nusu, kutegemea joto. Doa jeusi nyuma ya tumbo hukua na kukolea, na ukimtazama jike uso kwa uso siku za mwisho, tumbo lina pembe kama kisanduku. Hujitenga, hukaa karibu na hita, hakuli.

Jua pia kwamba jike hutunza mbegu za dume mwilini kwa miezi. Jike uliyemnunua leo, akakaa peke yake, anaweza kukuzalia mara tatu nne kutokana na dume ambaye hujamwona. Ukitaka uzao wa dume fulani, anza na jike aliyetengwa tangu utotoni.

Visanduku vya plastiki vya kuzalishia, vile vinavyoelea, sivipendi. Jike hufungiwa humo siku nzima akijigonga, na wengine huharibu mimba. Mweke kwenye tangi dogo lililosongamana mimea laini hadi juu ya maji, na mtoe akishazaa. Huzaa vifaranga 20 hadi 60, wakati mwingine zaidi, wa milimita 6 au 7, na njaa ikimshika hawatambui kuwa ni wake.

*Beta.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza majike.

Walishe wote wawili wakiwa mbalimbali kwa siku 10 hadi 14: viluwiluwi vya mbu, atemia, nyama laini ya kamba. Tumbo la jike likijaa na nukta nyeupe ikitokeza, jaza tangi maji ya kina cha sentimita 12 hadi 15 tu. Kina kifupi kinamsaidia dume kuyafikia mayai yanayozama. Ning'iniza juu ya maji jani kavu la mti wa mkungu au nusu ya kikombe cha plastiki chepesi, ajengee chini yake. Jani la mkungu hutoa rangi ya chai na tanini inayopunguza kuvu. Zima mkondo wa maji, maana kiota hakistahimili mawimbi.

Mtie dume kwanza. Jike mwingize akiwa ndani ya gilasi kubwa au chupa angavu iliyokatwa, waonane bila kugusana. Ndani ya siku moja au mbili dume ataanza kupuliza mapovu yanayonata. Sasa mtazame jike. Akionyesha mistari iliyosimama, toka mgongoni kwenda tumboni, yuko tayari. Mistari ikilala toka kichwani hadi mkiani, ana hofu, usimfungulie.

Ukimfungulia, kutakuwa na kukimbizana na mapezi kuchanika kidogo. Hilo ni la kawaida. Weka mimea ya kujificha, na usiondoke nyumbani siku hiyo. Hatimaye jike ataenda mwenyewe chini ya kiota akiwa ameinamisha kichwa, na dume atamzunguka na kumkumbatia kwa mwili wake. Wanapoachana, jike huelea ubavu kama aliyekufa kwa sekunde chache, mayai meupe yanadondoka, na dume anayawahi kwa mdomo, anayapandisha kiotani moja moja. Hurudia hivyo kwa saa kadhaa. Jike anapoanza kukimbia na dume kumfukuza kutoka kiotani, mtoe mara moja.

Mayai huanguliwa kwa saa 24 hadi 48. Vifaranga huning'inia mikia chini kama uzi, wakianguka dume huwaokota. Usiwalishe, bado wana kiini. Siku mbili tatu baadaye wanaogelea wakiwa wamelala sawa. Siku hiyo mtoe dume na uanze kulisha. Funika tangi kwa kioo au plastiki: beta hupumua hewa kwa kiungo maalumu kinachoota wiki za mwanzo, na hewa ya juu ya maji ikiwa baridi wengi hufa wakati huo.

*Danio.* Tandaza gololi sakafuni mwa tangi, maji kina cha sentimita 10 hadi 15. Jioni tia majike wawili na madume watatu walioshiba. Hutaga alfajiri mwanga wa kwanza ukiingia. Mayai huporomoka kati ya gololi ambako midomo haifiki. Ukiamka, watoe wazazi. Mayai ni madogo na yanapenyeza mwanga, huenda usione hata moja ukadhani wamekudanganya. Subiri siku tatu kabla ya kumwaga maji. Samaki wa dhahabu ni hivyo hivyo, ila mayai yake hunata kwenye mimea, na kwa nyuzi 20 hadi 22 huanguliwa kwa siku nne au tano. Hamisha mimea, waache wazazi.

*Koridora.* Badilisha nusu ya maji kwa maji yaliyo baridi kuliko ya tangi kwa nyuzi 3 hadi 5, kama mvua imenyesha. Kesho yake tafuta mayai kwenye kioo. Ni magumu kiasi cha kubiringishwa kwa ncha ya kidole bila kupasuka.

*Samaki-malaika.* Wape bomba au kigae kilichosimama kwa mshazari. Mayai huanguliwa siku ya pili au ya tatu, na vifaranga huogelea kama wiki moja baada ya kutagwa. Jozi changa hula mayai mara mbili tatu za mwanzo; wasamehe. Ukichoka kusamehe, hamisha bomba na mayai yake hadi tangi jingine lenye maji yale yale, weka mapovu ya hewa karibu lakini yasiyagonge, na dondosha methilini ya bluu ili kuvu lisitoke kwenye yai bovu likashika zima.

*Samaki wa Nyasa.* Dume mmoja, majike watatu au zaidi. Jike hutaga, hugeuka na kuyakusanya mayai mdomoni papo hapo. Kisha anaona yale madoa kwenye pezi la dume, anayaendea kama mayai mengine, na ndipo anapopokea mbegu. Utamjua kwa kidevu kilichovimba na kwa kukataa kula. Atakaa hivyo kama wiki tatu. Usimkimbize na wavu, atayatema.

Hatua ya 6: Wiki tatu za kwanza

Lisha kidogo, mara tatu hadi tano kwa siku. Kipimo changu ni tochi: mmulike kifaranga ubavuni dakika kumi baada ya mlo wa atemia. Tumbo la chungwa, ameshiba. Tumbo angavu, chakula ni kikubwa mno kwa mdomo wake au hakimfikii.

Kila siku fyonza uchafu wa sakafuni kwa mpira wa hewa, toa sehemu moja kwa kumi ya maji au zaidi kidogo, na rudisha maji ya joto lile lile kwa matone, si kwa kikombe. Chungulia ndoo kabla ya kumwaga, daima kuna kifaranga mmoja mkaidi humo. Vifo vingi vikitokea siku ya nne au ya tano baada ya kuanza kuogelea, karibu kila mara ni njaa. Vikitokea ghafla asubuhi moja wakiwa wameshiba, pima amonia.

Hatua ya 7: Watenge, wapunguze, wapeleke

Amua mapema vifaranga wataenda wapi. Jike mmoja wa gapi anayezaa kila mwezi atakujazia tangi kabla hujazoea kuhesabu. Wagawie wafugaji wengine, wapeleke dukani, lakini usiwamwage mtoni wala bwawani. Gapi ametoka Amerika ya Kusini na visiwa kama Trinidad, na kwa kumwagwa na watu, mara nyingi ili ale viluwiluwi vya mbu, sasa anaishi katika mito ya nchi nyingi akigombania chakula na samaki wenyeji.

Wenye migongo iliyopinda na mapezi yenye kasoro usiwazalishe. Kila baada ya vizazi vichache leta samaki wa damu nyingine. Plati na mkia-upanga usiwachanganye kama unataka kuhifadhi aina, kwani hupandana bila kuulizana.

Beta madume watenge wanapoanza kuchanana, kwenye mwezi wa pili au wa tatu, kila mmoja na chombo chake. Kwa gapi wahi zaidi. Kuanzia wiki ya nne chukua gilasi na simu, rudi kule tulikoanzia, chini ya tumbo. Pezi linaloanza kuchongoka ni la dume, mtoe siku hiyo hata kama hajapata rangi. Ukingojea rangi ndiyo ikuambie, utakuta dada zake wana doa jeusi tayari.